Nishani ya Force Publique au beji ya jandarme wa Katanga: feza yako uiweke wapi?

Soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, saa nne asubuhi. Juu ya plastiki ya bluu, kati ya vichwa vya robine na chaja za simu, muuzaji amepanga vipande viwili vya chuma. Kimoja ni beji yenye msalaba wa shaba na rangi nyekundu na kijani. Kingine ni medali nyeusi kwa uzee, utepe wake umekatika nusu, na juu ya utepe kuna upau mdogo ulioandikwa ABYSSINIE, yaani Abisinia, Ethiopia ya leo.

"Patro, angalia vizuri. Hii njo ya bajandarme ba Tshombe. Na hii ingine ni ya papa mumoja alipiganaka kule Abisinia."

"Iko ngapi?"

"Ya Katanga dola makumi ine. Hii ingine ukamate na kumi."

Miaka michache iliyopita nisingefikiri mara mbili. Ningelipa makumi ine, nikaondoka na msalaba wangu kifuani kwa furaha, na ile nyeusi ningeiacha. Kwa kweli ndivyo nilivyofanya na beji ya namna hiyohiyo, na mpaka leo imelala kwenye droo kama risiti ya ujinga. Ilikuwa imetengenezwa hapahapa mjini. Huu si mji wa kukosa mtu anayejua kuyeyusha mukuba, yaani shaba.

Kwa hiyo ulinganisho huu wa medali za Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji hapa Kongo, na beji za Katanga, nchi iliyojitenga na Kongo chini ya Tshombe, nimeuandika kwa mtu aliye mbele ya plastiki ya bluu na dola makumi ine mfukoni, ambaye lazima achague kimoja. Nitaanza na mambo ya mkono na jicho, maana usipoweza kujua kitu kimetengenezwaje, mazungumzo ya bei ni kupoteza muda.

Ya kugonga na ya kusubu

Nishani na beji za kweli za majeshi, karibu zote, ni za kugonga: kipande cha shaba kinawekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu na kupigwa kwa mashine yenye nguvu. Bandia za mtaani ni za kusubu: fundi anachukua beji ya kweli, anaikandamiza kwenye mchanga au silikoni apate kalibu, kisha anamimina shaba iliyoyeyuka.

Ziweke mbili upande kwa upande chini ya kioo cha kukuza cha mara kumi, kile wanachotumia wanunuzi wa madini. Ya kugonga ina herufi zenye kingo kali, kama zimekatwa kwa kisu, na uwanda kati ya herufi ni laini kabisa. Ya kusubu ina herufi za mviringo, kama sabuni iliyooshwa mara nyingi, na uwanda wake una vitundu vidogovidogo na vipele. Vitundu ni hewa iliyonaswa shaba ilipokuwa inapoa. Vipele ni mchanga wa kalibu. Ukizungusha ukingo polepole kwenye mwanga wa upande, mara nyingi utaona mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, au mikwaruzo ya tupa pale fundi alipojaribu kuuficha. Ukiona ukingo wote umepigwa tupa, weka chini, hata kama uso unapendeza.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hawakifahamu, nacho ndicho ninachokipenda. Shaba ikipoa husinyaa, takriban asilimia 1 mpaka 2. Kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutoka kwenye medali ya kweli huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Medali ya milimita 36 inatoka na 35 na nusu hivi. Kwa jicho huoni kitu. Kwa kalipa ya fundi wa magari, ile ya kupima bomba, unaona mara moja. Nenda na vipimo vya ile ya kweli vimeandikwa kwenye simu yako kabla ya kwenda sokoni. Uzito nao unasaidia, lakini mizani ya sokoni siiamini.

Rangi ina hadithi yake. Beji nzuri za zamani zina enameli ya moto, yaani unga wa kioo uliochomwa mpaka ukashikana na chuma. Ni ngumu, inang'aa kwa kina, na ikivunjika inavunjika kama sahani: kipande kinaruka na kuacha kingo kali. Bandia nyingi zina rezini ya rangi, ambayo ikikauka hujikunja juu ya ukingo kama tone la asali, na ikichubuka inachubuka kama rangi ya mlango. Usichome sindano usoni mwa beji ya mtu ili ujaribu. Tafuta mahali palipoharibika tayari uangalie ulivyo mpasuko.

Sumaku? Ibebe, haina uzito. Shaba nyekundu, shaba ya njano na fedha hazivutwi. Lakini pini ya nyuma inaweza kuwa ya chuma hata kwenye beji ya kweli, kwa hiyo jaribu mwili. Zile beji za bati la chuma za zama za Mobutu zinavutwa na sumaku na ni za kweli kabisa, kwa sababu bati ndilo lililotumika.

Utepe unapimwa kwa taa. Mwombe kambisti wako, yule anayekaa barabarani na bando za franka, akuazime taa yake ya zambarau ya kuangalia dola. Kitambaa na uzi wenye kemikali za kung'arisha huwaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo, na kemikali hizo zilienea baada ya Vita vya Pili. Utepe wa 1917 haupaswi kuwaka. Lakini usimwite mtu mwizi kwa sababu hiyo tu: mjane aliyefua utepe wa marehemu kwa omo ya leo ameutia mng'ao huo mwenyewe bila kujua. Na kwa beji za miaka ya 1960 taa haisemi lolote.

Force Publique dhidi ya Katanga

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe.

Force Publique lilikuwa jeshi la koloni tangu enzi za Dola Huru la Kongo la Leopold II mpaka Julai 1960. Askari wake waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakafika Mahenge 1917, na katika vita vya pili waliwapokonya Waitaliano ngome ya Saïo, Ethiopia, Julai 1941. Kikosi cha uganga kutoka Kongo kilifika hadi Burma. Kwa hiyo medali zake zinaeleweka kama ramani. Ile ya kampeni za Afrika 1914-1917 inaweza kuwa na upau MAHENGE. Ile ya Afrika ya 1940-1945 ina pau za mahali: ABYSSINIE, MOYEN-ORIENT (Mashariki ya Kati), BIRMANIE (Burma) na nyingine. Kabla ya hizo kuna Nyota ya Utumishi ya 1889, nyota yenye maneno "Travail et Progrès", iliyotolewa kwa kumaliza muhula wa kazi Kongo. Kuna pia Ordre ya Leopold II, iliyoanzishwa 1900 na kuendelea kutolewa na Ubelgiji mpaka sasa, yenye simba katikati na maneno "L'union fait la force" kwenye duara la bluu.

Uzuri wa kundi hili ni kwamba viliagizwa na serikali, vikatengenezwa Ulaya na nyumba zinazojulikana kama Fonson au Fibru za Bruxelles, na vingi bado vipo. Wingi huo unaleta mambo mawili. Bei ni ya chini, kwa hiyo fundi wa mtaani hapati faida kubwa kuviiga. Na mifano ya kweli ya kulinganisha huikosi.

Ubaya wake: medali za Kibelgiji kwa kawaida hazina jina la mtu. Ukingo ni mtupu. Medali peke yake inasema "fulani alikuwa Abisinia", basi. Anayeipa jina ni karatasi: breve, yaani cheti cha kutunukiwa, kitabu cha kijeshi, picha ya mzee akiwa na kofia yake. Medali ya dola kumi ikiwa na breve yenye jina, namba ya askari na muhuri inaweza kuwa na thamani mara kadhaa ya ile isiyo nayo, na ikiwa ni ya askari Mwafrika wa Katanga mimi nailipia zaidi, kwa sababu karatasi hizo ndizo zilizoliwa na mchwa, zikachomwa, zikafungiwa karanga. Mpaka mkesha wa uhuru hakukuwa na Mwafrika aliyekuwa afisa katika jeshi lile. Waliobaki na ushahidi wa majina yao ni wachache. Juni 2022, Mfalme Philippe alipokuja Kinshasa, alimvika nishani mkongwe Albert Kunyuku, aliyekwenda Burma, na watu wengi hapa nchini ndipo waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Wakongo walifika huko. Tangu hapo neno BIRMANIE limekuwa tamu mdomoni mwa wauzaji. Jihadhari nalo. Upau ni kipande kinachoteleza juu ya utepe, kinachakaa kivyake, na hakuna kitu rahisi kama kuuhamisha kutoka medali moja kwenda nyingine. Angalia kama uchafu wa upau unafanana na uchafu wa medali. Angalia kama utepe una kivuli mahali ulipokaa miaka themanini.

Katanga ni jambo jingine. Nchi hiyo ya Tshombe ilitangazwa 11 Julai 1960 na kuzimwa Januari 1963. Miaka miwili na nusu. Jandarmeri yake iliundwa haraka, kwa mabaki ya Force Publique, maafisa wa Kibelgiji na mamluki, na alama zake zikafuata: misalaba ile ya shaba iliyokuwa feza ya babu zetu, misalaba mitatu ikiwa kwenye bendera, na moja moja kwenye beji, vifungo na hata sarafu za 1961. Muda mfupi, watu wachache, hadithi kubwa, rangi za kupendeza. Mkusanyaji wa Antwerpen anataka, wa Johannesburg anataka, na mtoto wa Kamalondo ambaye babu yake alikimbilia Angola pamoja na majandarme anataka zaidi ya wote. Vitu vichache vikitafutwa na wengi hivyo, bandia hazikosi kuja.

Kwa bahati mbaya beji za Katanga ni za kuigika. Nyingine ziliagizwa Ulaya zikagongwa vizuri. Nyingine, kwa haraka za wakati ule, zilitengenezwa hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa njia za karakana. Ndiyo maana muuzaji mwerevu, ukimwonyesha vitundu vya kusubu, anakujibu papo hapo: "Njo vile balikuwa banatengeneza ile wakati." Na hana makosa kabisa! Ndiyo inayouma. Kwenye Force Publique kusubu ni hukumu ya kifo. Kwenye Katanga kusubu ni shaka tu, na shaka haina bei.

Hali ni mbaya zaidi kwa alama za mamluki. Beji za Commando ya 5 ya Mike Hoare, ya 1964 na 1965, ambazo kwa kweli ni za jeshi la taifa la Kongo wala si za Katanga, zimeigwa kote duniani kwa sababu zina mashabiki wanaopenda sinema kuliko historia. Sijawahi kununua hata moja na sidhani nitanunua.

Basi kwa mwenye dola makumi ine: medali ya Force Publique yenye karatasi inashinda beji ya Katanga isiyo na karatasi, kila siku, hata Jumapili. Beji ya Katanga inunuliwe kwa njia moja tu, nayo ni nyumbani kwa familia, na picha. Mzee amesimama mbele ya kambi, kola yake inaonekana, na beji iliyo mkononi mwako ina mkwaruzo uleule unaouona kwenye picha au angalau umbo lilelile. Hapo lipa makumi ine, lipa na zaidi, na uombe ruhusa ya kupiga picha ya ile picha.

Wageni wa Kasumbalesa

Kuna kundi la tatu ambalo watu wa hapa wanalidharau, na mimi ndilo ninalolikimbilia. Ni medali za Waingereza zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa na wafanyabiashara kutoka Zambia, zikichanganywa na vijiko na saa mbovu. Askari wa Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana vita vyote viwili, na medali zao zikabaki vijijini.

Tofauti kubwa iko ukingoni. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914-1918, yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na mwanamume juu ya farasi upande mwingine, ina namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa, vimegongwa ukingoni kwa herufi ndogo. Karatasi imechorwa kwenye chuma chenyewe. Juu ya hayo, ni fedha sterlingi, sehemu 925 kwa 1,000, milimita 36, na muuzaji wa soko la Kenya anayeiona imekuwa nyeusi mara nyingi anadhani ni risasi. Fedha ilipopanda bei sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 medali nyingi za aina hii ziliyeyushwa kwa uzito wake, kwa hiyo zilizobaki na majina ya Waafrika zina watu wanaozitafuta.

Sasa lipo fumbo ambalo limewaponza wengi. Baada ya vita vya kwanza nchi zilizoshinda zilikubaliana kutoa Medali ya Ushindi ya namna moja: mwanamke mwenye mabawa, utepe wa rangi za upinde wa mvua. Uingereza ikatoa yake, Ubelgiji ikatoa yake. Zikiwekwa uso juu sokoni ni kama mapacha. Zigeuze. Ya Kiingereza inasema THE GREAT WAR FOR CIVILISATION 1914-1919 na ukingo wake una jina. Ya Kibelgiji ina maneno ya Kifaransa na Kiholanzi kuzunguka ngao za nchi rafiki, na ukingo wake ni mtupu. Ya kwanza unaweza kuifuatilia mpaka kwa mtu mmoja. Ya pili ni mojawapo ya maelfu kwa maelfu. Mtu akikutajia bei moja kwa zote mbili, chukua ya kwanza na usitabasamu.

Angalizo kwa vita vya pili: nyota za shaba za Waingereza, kama ile ya Afrika au ya Burma, kwa askari wengi zilitolewa bila jina. Zilizogongwa majina rasmi ni zile za nchi chache kama Afrika Kusini na India. Kwa hiyo nyota yenye jina la askari wa Rhodesia ya Kaskazini iliyoandikwa kwa mkono wa sonara si lazima iwe uongo, huenda mwenyewe alilipa iandikwe, lakini isikupandishe bei kama ile ya kiwandani.

Vilivyobaki mezani

Vitu vya Zaïre, 1971 mpaka Mei 1997, ni rahisi, vya kuchangamsha, na havijaanza kuigwa sana. Lakini tenganisha jeshi na chama. Pini yenye mwenge ni ya MPR, chama cha Mobutu, na ile yenye uso wa Mobutu na kofia ya chui ni ya mapenzi kwa kiongozi. Kila mfanyakazi wa ofisi aliivaa. Si ya jeshi, hata muuzaji akiapa. Beji za mabawa za parakomando wa FAZ, jeshi la Zaïre, ndizo za kutafuta, hasa zikiwa na jina la mtengenezaji nyuma. Hapo napo kuna mtego: nyumba kama Arthus Bertrand ya Paris bado inafanya kazi, na beji inaweza kugongwa upya kwa chapa ileile ya zamani. Jina nyuma linathibitisha ubora wa kazi, mwaka halithibitishi. Nikiwa na dola tano na hamu ya kununua, nanunua Zaïre.

Medali za Umoja wa Mataifa zipo nyingi, tangu operesheni ya 1960-1964 mpaka MONUC na MONUSCO. Upande mmoja nembo ya UN, upande mwingine maneno ya kutumikia amani, na tofauti iko kwenye utepe. Kwa kuwa utepe ndio unaobadilisha kila kitu na utepe unabadilishwa kwa dakika mbili, siwezi kukushauri ulipe zaidi ya bei ya chakula cha mchana.

Na Kolwezi, Mei 1978. Askari wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa walioruka kule kwa miavuli walipata medali ya ng'ambo yenye upau ZAÏRE. Inapendwa Ufaransa. Hapa Lubumbashi sijaiona ila mara moja, na mwenyewe hakuiuza.

Kuna medali moja kubwa ya kuning'inia shingoni ambayo wauzaji huiita ya jenerali. Mara nyingi ni ya shefu: serikali ya koloni iliwatambua machifu kwa kuwapa medali, ndiyo maana wazee husema "shefu wa medayi". Si ya kijeshi hata kidogo, ila inaweza kuwa na thamani kuliko vyote mezani, na inaweza kuwa mali ya ukoo ambayo kijana fulani ameiba kwa mjomba wake. Uliza imetoka wapi. Jibu likiyumba, ondoka. Ugomvi wa ukoo hauishi kwenye plastiki ya bluu, unakufuata mpaka nyumbani.

Bei

Bei inayoombwa kwenye intaneti si bei. Mtu anaweza kuandika euro 300 juu ya Ordre ya Leopold II ya daraja la chini na ikakaa hapo miaka. Ile ni nishani ya makumi ya euro tu, ikiwa safi na utepe wake. Tafuta bei iliyolipwa: kwenye eBay chuja vitu vilivyouzwa tayari, kwenye Delcampe, tovuti ya mauzo ya Wabelgiji, angalia mauzo yaliyofungwa. Chukua mauzo matano, tupa la juu na la chini. Kisha ondoa gharama ya kusafirisha, ondoa sehemu ya mwuzaji wa kati, ondoa hatari ya pakiti kupotea. Kinachobaki ndicho unachoweza kulipa hapa. Mara nyingi ni nusu, pengine chini ya nusu. Muuzaji aliyeonyeshwa simu yenye bei ya Ulaya na jamaa yake hatakubali hesabu hiyo, na sioni sababu ya kugombana naye. Mpe salamu, rudi wiki ijayo.

Hali ya kitu inahesabiwa, ila si kama wengi wanavyofikiri. Ile rangi nyeusi-kahawia ya uzee ni sehemu ya bei. Mama mmoja wa Katuba aliniletea Nyota ya Utumishi ya babu yake, na kwa heshima ya mgeni alikuwa ameisugua usiku kucha kwa ndimu na majivu. Iling'aa kama sufuria mpya. Maneno "Travail et Progrès" yalikuwa yamefifia kwenye ncha za juu, na kwenye mabonde ya herufi kulikuwa na majivu meupe yaliyoganda. Nilishindwa la kumwambia. Alikuwa na furaha. Nilimlipa kama vile haikusuguliwa, na hasara hiyo naihesabu kama ada ya kukaa kwenye kiti chake na kula mihogo yake. Wewe usisugue. Kitambaa kikavu cha pamba, basi. Kutu ya kijani inayotoka unga ndiyo pekee inayohitaji kushughulikiwa, na iondolewe kwa kijiti cha mbao polepole, si kwa chuma.

Jambo la mwisho la usalama kabla sijarudi kwenye soko la Kenya. Alama za jeshi lililo kazini leo, ziwe za FARDC, jeshi la Kongo la sasa, au za kundi lolote lenye silaha, usinunue, usivae, usibebe mfukoni hata kama ni zawadi. Kizuizini barabarani hakuna atakayesikiliza habari za mkusanyiko wako. Za zamani pia zibebe zimefungwa, na risiti ya muuzaji iliyoandikwa kwa mkono, tarehe na mahali.

Sasa ile asubuhi. Nilitoa kalipa, nikapima msalaba wa Katanga. Sikuwa na mfano wa kulinganisha, kwa hiyo kipimo hakikunisaidia. Kioo kikaonyesha vitundu, na ukingoni tupa. Muuzaji akasema alichosema: ndivyo walivyotengeneza wakati ule. Nikamuuliza kama familia ina picha. Akapiga simu mbele yangu, akaongea Kibemba kidogo, akakata.

"Picha haiko. Lakini ile papa ya Abisinia, bana yake biko na kitabu yake ya jeshi. Banaiweka ndani ya Biblia. Bataiuzisha lakini kwa bei ingine."

"Bei gani?"

"Makumi tatu."

Kumi na makumi tatu ni makumi ine, bei ileile ya msalaba. Nikamwachia kumi pale pale, nikachukua medali yenye utepe uliokatika, na tukakubaliana kitabu nikione kesho saa tatu, Ruashi, kwa mwenyewe, kabla ya kutoa hata franka moja. Nikiona jina, namba na kampeni kwenye ukurasa mmoja na muhuri, nitatoa makumi tatu bila kuomba punguzo. Nisipoona, nitakuwa na medali halali ya Abisinia kwa dola kumi na nauli ya teksi.

Msalaba ulinunuliwa na mtu mwingine kabla sijafika kwenye duka la sukari. Nilimwona akiuvaa.